Majedwali nimeyakariri yote, lakini ripoti bado inarudi na wino mwekundu

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni karani wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuchakata samaki hapa Ilemela, Mwanza. Kazi yangu ni kupokea sangara wanaotoka visiwani, kupima uzito, kuandika joto la chumba cha baridi na kusimamia magari yanayopakia minofu. Asubuhi naandika ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza, kwa sababu meneja wa ubora hasomi Kiswahili. Ripoti hiyo inarudi imejaa wino mwekundu.

Msamiati ninao. Lile jedwali la nyakati 12 tulilofundishwa sekondari naweza kulisema nimefumba macho: "I work, I worked, I have worked, I had been working". Shida inaanza nikishika kalamu, sijui nichukue lipi. Hizi ndizo sentensi zilizozungushiwa duara wiki hii:

"Yesterday we have received 3 tonnes from Ukerewe."
"The driver did not signed the form."
"The cleaner wash the floor every morning, but the water remain near door 2."
"When the truck will arrive, we will load it."
"If the ice would arrived early, we would load before midnight."
"I want that the technician checks the compressor."

Meneja anazungushia tu, haelezi. Na vitenzi vyote hapo ni vya kawaida, vile vya kuongeza "-ed", wala si vile vya "go" na "went". Nianzie wapi? Pia naomba uniambie kuhusu matamshi, maana wenzangu wananicheka nikisema "pakedi" badala ya "packed".

Karani wa usiku, Ilemela

*

Marahaba, ndugu karani.

Makosa uliyonitumia yanaonekana mengi, lakini vyanzo vyake vikubwa ni viwili. Cha kwanza, unaweka alama ya wakati mahali pawili ndani ya sentensi inayotaka mahali pamoja. Cha pili, kila kiambishi cha Kiswahili umekipa mwenzi mmoja wa Kiingereza, kana kwamba "-me-" siku zote ni "have" na "-nge-" siku zote ni "would". Jedwali la nyakati 12 halitibu kosa hata moja kati ya hayo mawili, kwa sababu linakupa majina ya nyakati bila kukufundisha kuchagua. Liweke pembeni kwa mwezi mzima.

Anza na jambo ambalo walimu wengi hawalisemi waziwazi: kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina maumbo manne tu. "Load, loads, loaded, loading." Basi. Hakuna la tano. Sisi tumezoea kitenzi kinachobeba kila kitu tumboni. Chukua neno "hawatatufungulia": ukanushi umo, watendaji wamo, wakati umo, tunaofanyiwa tumo. Mwingereza anasema "they will not open it for us", na "open" haijabadilika hata herufi moja. Kazi yote imefanywa na maneno madogo yaliyo kandokando yake. Kwa hiyo swali lako unapoandika lisiwe "huu ni wakati wa ngapi kwenye jedwali?" Jiulize: mbele ya kitenzi kuna kisaidizi gani, na kisaidizi hicho kinadai umbo lipi?

Madai yenyewe ni haya. Baada ya "do", "does" na "did", kitenzi kinabaki tupu: "load". Baada ya "will", "would", "can", "could", "may", "must" na "should", kinabaki tupu vilevile. Baada ya "have", "has" na "had", kinachukua "-ed". Baada ya "am", "is", "are", "was", "were", "be" na "been", kinachukua "-ing" kama mtajwa anatenda, na "-ed" kama anatendwa, yaani pale ambapo sisi tungeweka "-w-". "The women are packing the fillets": wanawake wanafungasha. "The fillets are packed": minofu inafungashwa, au imefungashwa. Ukiandika "the fillets are packing", umesema minofu inafungasha kitu kingine.

Ukiyashika hayo, hata mnyororo mrefu hautakutisha. "The fish should have been weighed." Anzia kushoto. "Should" inadai umbo tupu, ndiyo maana ni "have", si "has". "Have" inadai umbo la "-ed", ambalo kwa kitenzi "be" ni "been". "Been" pamoja na kutendwa inadai "-ed", ndiyo maana ni "weighed". Kila neno limeamuliwa na lililotangulia. Samaki walipaswa kuwa wamepimwa.

Sasa sentensi yako ya dereva. "Did" tayari imebeba wakati uliopita, na mzigo huo haubebwi na watu wawili. Sahihi ni "The driver did not sign the form." Swali linafuata njia hiyohiyo: "Did the driver sign?" Kosa hili lina ndugu zake: "Does the pump leaks?" na "He must checks the scale." Kwenye lile la kwanza "-s" imeshaingia kwenye "does", kwa hiyo "leak" inabaki tupu. Kwenye la pili "must" haitaki chochote baada yake isipokuwa "check".

Sentensi ya msafishaji ni suala la "-s" pekee. Wakati wa mazoea, ule wa "hu-" yetu, unatumia umbo tupu kwa "I, you, we, they", na "-s" kwa mmoja anayetajwa: "he, she, it" au jina lolote la kitu kimoja. "The cleaner washes the floor." Hilo nadhani unalijua na umelisahau kwa haraka ya asubuhi. La maji ndilo lenye mtego. Kwa Kiswahili maji ni ya ngeli ya wingi, tunasema maji yanabaki, mafuta yanavuja, maziwa yanaharibika, na akili inakwenda moja kwa moja kwenye wingi. Kwa Kiingereza "water", "oil", "milk" na "ice" ni umoja: "the water remains", "the oil leaks", "the ice melts". Habari nazo: sisi husema habari zinathibitisha, wao husema "the news confirms". Polisi ni kinyume chake. Hata ukiwa unalifikiria jeshi lote kama kitu kimoja, kwao "police" ni wengi: "the police check the road". Andika maneno haya nyuma ya daftari lako la ripoti, maana karibu yote utayatumia kazini.

Tuje kwenye "-me-", ambayo ndiyo inayowaangusha watu wengi zaidi, hata waliohitimu chuo. Kwa Kiswahili cha kila siku, "jana tumepokea tani tatu" haishtui sikio la mtu. Kiingereza kinakataa. Ukishataja wakati uliokwisha, "yesterday", "last week", "at 2 a.m.", "in 2019", huruhusiwi kutumia "have" pamoja na "-ed". Unatumia "-ed" peke yake: "Yesterday we received 3 tonnes from Ukerewe." Umbo la "have received" ni la jambo ambalo saa yake hujaitaja na matokeo yake yapo sasa hivi: "We have received 3 tonnes", na mzigo uko hapo unaonekana.

Angalia mfano wa daraja letu. "The Kigongo–Busisi bridge opened in 2025." Mwaka umetajwa, kwa hiyo "opened". "The bridge has shortened the journey to Sengerema." Mwaka haukutajwa, safari imekuwa fupi hadi leo, kwa hiyo "has shortened". Au Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika Ziwa Victoria: "Speke reached the lake in 1858", si "has reached", kwa kuwa tarehe ipo na mtu mwenyewe alishafariki zamani.

Lakini "-me-" ina kazi nyingine tena, na hapo "have" haifai kabisa. Kuna vitenzi vyetu ambavyo "-me-" inaonyesha hali aliyomo mtu. Mlinzi amelala: "The guard is sleeping." Amesimama mlangoni: "He is standing at the door." Amevaa buti: "He is wearing boots." Gari limejaa: "The truck is full." Nimechoka: "I am tired." Kipimo ni hiki: je, hali hiyo inaendelea sasa hivi unapoandika? Ikiwa ndiyo, na ni hali ya mwili, mavazi au mkao, tafuta "is" au "are". Ukiandika "the guard has slept", meneja ataelewa kwamba mlinzi alishapata usingizi wake na sasa yuko macho.

Kwa upande wa ukanushi, bahati ni yako, maana Kiswahili kinatofautisha vizuri kuliko unavyodhani. "Hawakupakia" ni "they did not load": nafasi imeshapita. "Hawajapakia" ni "they have not loaded yet": bado tunasubiri. Unapotaka kukanusha kwenye ripoti, fikiri kwanza kama ungesema "-ku-" au "-ja-", na jibu la Kiingereza litakuja lenyewe.

"-na-" inataka umakini kidogo. "Anapima samaki" inaweza kuwa kazi yake ya kila siku, "he weighs fish", au anachofanya dakika hii, "he is weighing fish". Kitenzi hiki cha mizani ni kizuri kukitazama kwa karibu. "The clerk is weighing the box": tendo linaendelea. "The box weighs 20 kilos": si tendo, ni sifa ya boksi, na sifa haichukui "-ing". Ndivyo zilivyo pia "need", "want", "contain", "own" na "belong". Andika "we need ice", usiandike "we are needing ice", hata kama unaihitaji sasa hivi kwa haraka.

Sentensi ya gari. Sisi husema "gari litakapofika, tutalipakia", na "-ta-" iko pande zote mbili. Mwingereza anaweka "will" upande mmoja tu. Baada ya "when", "before", "after", "until", "as soon as" na "if" ya masharti, wakati ujao unaandikwa kwa umbo la wakati uliopo: "When the truck arrives, we will load it." Naona kosa hili kwenye barua za kazi, kwenye matangazo ya ofisini, hata kwenye mikataba, na chanzo chake ni ile "-takapo-".

Barafu nayo ina kosa la aina hiyo, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ripoti ya zamu imejaa masharti. Tuna ngazi tatu.

"Barafu ikifika mapema, tutapakia kabla ya saa sita usiku." Inawezekana bado. "If the ice arrives early, we will load before midnight."

"Barafu ingefika mapema, tungepakia." Unawazia tu, huitegemei. Kwa Kiswahili "-nge-" inasimama pande zote mbili, na ndiyo iliyokufanya uweke "would" mara mbili. Kwa Kiingereza upande wa "if" unachukua "-ed", upande wa pili unachukua "would" na umbo tupu: "If the ice arrived early, we would load before midnight." Hiyo "arrived" haizungumzii jana. Ni "-ed" ya kuwazia.

"Barafu ingalifika mapema, tungalipakia." Usiku umeshapita na barafu haikufika. "If the ice had arrived early, we would have loaded before midnight."

Ugumu ni kwamba katika maongezi watu wengi hutumia "-nge-" kwa ngazi ya pili na ya tatu bila kutenganisha. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize kama nafasi imeshapita. Wewe unaandika asubuhi kuhusu usiku uliokwisha, kwa hiyo karibu kila mara utahitaji ngazi ya tatu, ile ya "had arrived" na "would have loaded". Sentensi yako ilikuwa ya aina hiyo.

Sentensi ya fundi ni ya ombi, pale ambapo Kiswahili kinageuza mwisho kuwa "-e": nataka fundi akague. "Want" haikubali "that". Inadai mtu, kisha "to", kisha umbo tupu: "I want the technician to check the compressor." "Ask" nayo ni hivyohivyo: "We asked the driver to wait." "Suggest", "recommend", "request" na "insist" zinakubali "that", na hapo kuna umbo ambalo wengi hulidhania ni kosa la chapa: "I request that the technician check the compressor." Ni "check", bila "-s", ingawa fundi ni mmoja. Hii ndiyo "akague" ya Kiingereza. Ukiona inakusumbua, ongeza "should": "I suggest that the technician should check the compressor." Ni Kiingereza safi cha Uingereza na hakuna meneja atakayekizungushia. Usiandike tu "I suggest to check". Ni "I suggest checking".

Amri ni rahisi kuliko zetu. "Fungua" na "fungueni" zote ni "open". Kukataza ni "do not" na umbo tupu: "Do not open door 2." Kwa bango la ukutani inatosha, kwa mtu mkubwa wako anza na "please".

Tahajia. Kitenzi kinachoishia "e" kinaongezewa "d" tu: "arrive, arrived", kwenye "-ing" ile "e" inaondoka: "arriving". Konsonanti na "y" inakuwa "ied" na "ies": "dry, dried, dries", lakini "drying". Vokali na "y" haibadiliki: "delay, delayed". Neno fupi la silabi moja lenye vokali moja na konsonanti moja mwishoni hurudufu konsonanti: "stop, stopped", "ship, shipped". Halirudufu likiwa na vokali mbili, "load, loaded", wala likiwa na konsonanti mbili, "pack, packed", wala likiishia na "x", "fix, fixed". Kwenye silabi mbili sikiliza mkazo: "refer" una mkazo mwishoni, kwa hiyo "referred"; "deliver" na "open" hazina mkazo mwishoni, kwa hiyo "delivered", "opened". "Travel" na "cancel" hurudufu "l" kwa Uingereza, "cancelled", na Marekani huandika moja. Shule zetu zinafuata Uingereza. Na "-s" inakuwa "-es" baada ya "sh", "ch", "ss" na "x": "washes", "reaches", "misses", "fixes".

Matamshi: "-ed" ina sauti tatu. Silabi ya ziada inasikika baada ya "t" na "d" tu: "wait-id", "load-id". Baada ya sauti zisizotikisa koo, kama "p", "k", "s", "sh", "ch", mwisho unasikika "t": "packed" ni "pakt", "washed" ni "wosht", na zote ni silabi moja. Kwingine kote unasikika "d": "cleaned", "weighed", "arrived". Kiswahili hakipendi kumaliza neno kwa konsonanti, ndiyo maana ulimi wako unaongeza "i". Shika koo kwa vidole viwili, sema "pak" kisha "klin", utahisi mtikisiko mwishoni mwa la pili tu.

Zoezi: kitenzi kimoja kwa siku, kutoka kwenye kazi yako, kwa mpangilio huu. Andika Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza.

Tunapakia sasa: "We are loading."
Hupakia usiku: "They load at night." Na kwa mmoja: "He loads at night."
Tulipakia jana: "We loaded yesterday."
Tumeshapakia: "We have already loaded."
Hatujapakia: "We have not loaded yet."
Hatukupakia: "We did not load."
Tulikuwa tunapakia umeme ulipokatika: "We were loading when the power failed."
Tulikuwa tumeshapakia alipofika: "We had already loaded when he arrived."
Tutapakia gari likifika: "We will load when the truck arrives."
Minofu ilipakiwa saa nane usiku: "The fillets were loaded at 2 a.m."
Tungepakia, tungalipakia: "We would load", "we would have loaded".
Naomba wapakie: "I request that they load."

Anza na "load", kisha "check", "weigh", "wash", "pack", "deliver", "stop", "clean", "sign", "record". Ukimaliza kumi hivyo, umegusa karibu kila kitenzi cha ripoti yako. Kabla ya kuikabidhi, pitia mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja: kwanza kila "did" na "does", uone kitenzi kilichofuata kiko tupu; pili kila "have" isiyotanguliwa na "would" wala "should", uone hakuna saa wala siku iliyotajwa karibu; tatu kila "if" na "when", uone "will" na "would" hazijaingia upande huo.

Vile visivyo vya kawaida viwekee ukurasa wake. Kwa kazi yako utakutana zaidi na "send, sent, sent", "bring, brought, brought", "break, broke, broken", "freeze, froze, frozen", "leave, left, left", na "cut" na "put" ambazo hazibadiliki kabisa. Kanuni za visaidizi ni zilezile. Kitakachobadilika ni kwamba mahali pa "-ed" ya wakati uliopita unaweka neno la pili, na baada ya "have", au baada ya "be" ya kutendwa, unaweka la tatu: "The fillets froze overnight", "the fillets have frozen", "the fillets were frozen at night".